Naomba ushauri: weupe wa mawe ya Marafa unaweza kuwa alama ya mafuta ya zamani?

Assalaam aleikum ndugu zangu, wenye ujuzi wa jiolojia nisaidieni. Niko Malindi, naandika projekti ya chuo kuhusu mitego ya zamani ya mafuta na gesi (yaani sehemu chini ya ardhi ambako mawe huyazuia mafuta na gesi yakajikusanya), ile ambayo mmomonyoko umeila hadi mawe yaliyobeba mafuta yakatokeza juu, mfano Bemolanga kule Madagaska ambako mchanga umebaki na lami tu.

Sasa nimesoma kwamba Utah, Marekani, mawe mekundu ya mchanga yanayoitwa Navajo yamepauka sehemu nyingine kwa sababu mafuta na gesi yalipopita yaliondoa ile kutu ya chuma inayoyapa rangi. Hapo ndo nimekwama, maana Marafa nako, kwenye lile korongo karibu na Malindi, kuna matabaka meupe na mekundu na vijana wanaotembeza wageni washaanza kusema tumekalia visima vya mafuta (hawa jamaa kwa uvumi!). Mie nashuku, tabaka zile ni changa, za enzi ya Pliosini (miaka milioni chache tu iliyopita), na hata maji tu yasiyo na oksijeni hupausha mawe.

Kutafuta mabaki ya mafuta, nimeokota vipande vilivyoanguka nikavivunja nikanusa, nikaloweka kwa asitoni haikubadilika rangi, nikamulika na taa ya kukagulia noti bandia, hamna kitu. Lakini mafuta yakishahama si hata harufu huondoka?

Kwa hivyo nauliza, nitatofautishaje weupe wa mafuta na weupe wa maji, nitafute madini gani? Na hapa Pwani kuna maabara ya kupima sampuli kwa bei ya mwanafunzi?