Nimepata isopodi nisiyemjua, naanzaje kumuandika kama spishi mpya?

Chini_ya_Gogo
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya isopodi wa nchi kavu, hawa vidudu vya kijivu vinavyojificha chini ya mawe na magogo yaliyooza (najua sio wadudu, ni ndugu zake kaa na kamba, msinirukie). Nimekusanya 23 sehemu moja, jenasi nimeipata ila nikifika kwenye spishi kila ufunguo wa utambuzi unagoma. Kinachonifanya nihisi ni mpya: watatu wana rangi ya buluu inayoenda zambarau, wanang'aa sijapata kuona, halafu wadogo kama sita hivi wana miguu 12 badala ya 14 na nimehesabu mara mbili, halafu kuna dume mmoja mguu wake wa mwisho una kinundu upande wa ndani ambacho kwenye maelezo niliyosoma hakitajwi. Nataka mmoja wa wale wa buluu ndio awe holotaipu (kile kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi), picha yake itapendeza. Jina nishalipata, nimeliandika chini ya picha hapo. Nianzie wapi?

Hadubini_Kuukuu
Hongera mkuu kwa jicho, ila nakumwagia maji kwanza. Hao wa buluu ni wagonjwa. Kuna virusi wanaitwa iridovirusi, wakijazana ndani ya mwili wanajipanga kama fuwele na mwanga ukipiga pale unarudi buluu, ndio huo mng'ao unaousifia. Inawapata spishi nyingi tu na mwisho wake huwa ni kufa. Ukimweka huyo awe holotaipu utakuwa umeelezea homa.

Wa miguu 12 ni watoto. Mama anabeba mayai kwenye mfuko chini ya kifua, wakitoka mle wana jozi sita, ya saba inakuja wakishajivua gamba. Na ukikutana na mmoja ambaye nusu ya mwili imefifia na nusu iko sawa usikimbilie huku tena, hawa hujivua nusunusu, nyuma kwanza, mbele baadaye.

Sasa KINUNDU. Hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia. Kwa hawa viumbe spishi inasomwa kwa dume, mguu wa saba na viguu vya tumboni jozi ya kwanza na ya pili. Ukiwa na majike matupu mara nyingi hufiki popote. Una madume wangapi?

Chini_ya_Gogo
Duh, yaani nilikuwa naupa ugonjwa jina la Kilatini 😂 Dume nina uhakika na mmoja. Wengine nawajuaje?

Mchora_Viguu
Mgeuze chali chini ya hadubini. Nyuma ya miguu ya kutembelea utaona vibamba vimepangana kama vigae, hivyo ndio viguu vya tumboni. Dume pale katikati ana vitu virefu vyenye ncha vinaelekea nyuma, jike hana, kwake ni bapa tu. Ukiwa bado una walio hai angalia na madoa meupe kwenye vile vibamba kabla hujawatia spiriti, ndio mapafu yao na idadi yake inasaidia, jenasi ya Porcellio wana jozi mbili, ya Trachelipus wana tano. Wakishakaa kwenye spiriti unaweza usiyaone tena.

Kutoa viguu ni kazi ya pumzi. Dume awe ndani ya tone la gliserini, mshike kwa kibanio, sindano nyembamba ipite kwenye kiungo pale kiguu kinapoanzia, usivute, sukuma kidogo kidogo mpaka kiachie chenyewe. Toa vya upande mmoja tu, upande wa pili ubaki mwilini. Mimi dume wangu wa kwanza nilitoa vyote viwili kwa tamaa, nikaviweka kwenye slaidi vizuri, nikapiga chafya. Nilitambaa sakafuni na tochi saa nzima natafuta kitu kidogo kuliko punje ya chumvi, na sikukipata, na hakukuwa na dume mwingine. Sasa hivi nachora kwanza kikiwa mahali pake ndio nakitoa.

Na vipapasio hesabu vyote viwili, kikikatika kinaota upya na pingili zake zinaweza zisiwe sawa na za mwenzie.

Mpita_Njia
Mnajitesa bure, si apime DNA tu yaishe?

Hadubini_Kuukuu
Apime, na wachache awaweke kwenye alkoholi ya 95% kwa ajili hiyo, wa kuchora 70% inatosha maana kwenye kali sana wanakakamaa na miguu inakatika. Ila DNA unailinganisha na nini? Spishi zilizokwisha elezwa zimepita 3,700 na nyingi hakuna aliyewahi kuzipima. Chukua katalogi ya Helmut Schmalfuss ya 2003, ile orodha ya isopodi wa nchi kavu wa dunia nzima, toa majina yote ya jenasi yako, ongeza yaliyotoka baada ya hapo, kisha tafuta maelezo ya kwanza ya kila mmoja. Hapo ndipo miezi inapoishia. Ya zamani mengi ni mistari michache ya Kilatini bila mchoro wa dume, inabidi uombe makumbusho wakuazime kielelezo chenyewe.

Halafu lile jina ulilolianika kwenye picha LITOE. Kuandika hapa hakulifanyi kuwa halali, linabaki jina tupu lisilo na kitu nyuma yake. Kwa kanuni za sasa za kuwapa wanyama majina, kuanzia 2000 lazima utaje holotaipu, kielelezo kimoja (au sintaipu, yaani kundi la vielelezo), na useme kimehifadhiwa wapi. Jarida likiwa la mtandaoni tu lazima kazi iwe imesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla. Jina likiwa kivumishi lifuate jinsia ya jenasi, watu wazima wanakosea hapo kila siku. Na kibali cha kukusanya unacho? Bila hicho kuna majarida hayatakusikiliza.

Chini_ya_Gogo
Kibali ninacho. Jina nimelitoa. Nimewageuza wote usiku huu, madume ni wanne! Watatu wana kinundu kile kile, mahali pale pale, kina vinywele vifupi vimesimama kama brashi. Wa nne hana kabisa na ndiye mdogo kuliko wote. Huyo nimuondoe?

Mchora_Viguu
Usithubutu. Alama za dume nyingi zinakomaa na umri, huyo anaweza kuwa kijana bado. Au sio spishi moja na wenzake. Mpime urefu, mchore kama alivyo, na kwenye lebo yake andika alikuwa chini ya gogo lipi.

Chini_ya_Gogo
Gogo lipi?? Wote niliwatia chupa moja.

Mchora_Viguu
Basi rudi ukaokote wengine, safari hii na chupa nyingi.