Tunataka kutengeneza filamu fupi ya zimwi na ngoma. Wenzangu wanataka damu. Mnashauri nini?

Kijana wa Nkuhungu

Wakuu habari za jioni. Naandika kutoka Dodoma mjini. Tuko kikundi cha vijana, tuna kamera moja nzuri, kinasa sauti cha kuazima na laptopu ya kuhariria. Kiangazi hiki tunataka kutengeneza filamu ya dakika kama 20 kutoka kwenye hadithi ya zimwi aliyemtia binti ndani ya ngoma. Wengi mmesimuliwa, na kila kabila lina namna yake. Ya nyumbani kwetu inakwenda hivi. Mabinti wanakwenda korongoni kuchota maji kwenye visima vya mchangani. Mmoja anavua shanga zake, anaziweka juu ya jiwe, anazisahau. Anapozikumbuka jua limeshazama na wenzake wanakataa kurudi naye. Anarudi peke yake, anamkuta zimwi amekalia lile jiwe. Zimwi anamwambia aimbe, sauti inampendeza, anamtia ndani ya ngoma na kuiwamba ngozi juu yake. Basi anazunguka naye kijiji hadi kijiji: akipiga, binti anaimba, watu wanacheza, zimwi anapewa ugali na nyama. Mwisho anaingia kijijini kwao binti, mama anaitambua sauti. Wanamlewesha zimwi kwa pombe ya mtama, wanamtoa mtoto, wanajaza nyuki ndani ya ngoma.

Sasa wenzangu wametazama sana hizi muvi zinazochukua hadithi za watoto na kuzigeuza za kutisha. Walianza na ile ya dubu, Winnie-the-Pooh: Blood and Honey ya 2023, wakaja Gretel & Hansel ya 2020, na wanasema njia ndiyo hiyo. Wanataka zimwi awe na panga, wale mabinti waliokataa kurudi wauawe mmoja mmoja, damu ionekane. Mimi napenda giza, sitaki kutengeneza kitu cha kuonyeshwa siku ya wazazi shuleni. Lakini kila nikisoma skripti yao naona hadithi imetoka, limebaki jina tu. Nashindwa kuwaeleza kwa nini, nao wananiambia naogopa. Kuna mtu humu amezitazama hizi muvi kwa makini? Zipi zimekaa sawa, na kwa nini?

Banda la Sabasaba

Mkuu, mimi naonyesha muvi, kwa hiyo nasema ninachokiona. Watu wanalipa kuona damu. Ile ya dubu ilitengenezwa kwa chini ya dola laki moja na ikaingiza zaidi ya dola milioni 5 duniani. Msitu, nyumba moja, vinyago vya mpira, waigizaji ambao hakuna anayewajua. Nyie pia hamna hela, kwa hiyo wenzako wana hoja. Zimwi akiua watu wanne, wateja watakaa mpaka mwisho. Akipiga ngoma tu dakika 20, wataanza kutoka mmoja mmoja kwenda kununua mishikaki.

Mama wa Area C

Naomba niongeze moja. Mtaani kwetu kijana wa banda aliona picha ya dubu kwenye jalada, akajua ni katuni, akawaita watoto mchana. Wangu wa miaka sita alikuwemo. Hadi leo dubu wake wa pamba yuko juu ya kabati ndani ya mfuko, hataki kumwona. Muvi za kutisha sina ugomvi nazo, nazitazama mwenyewe watoto wakishalala. Lakini mkitengeneza hiyo yenu, bango liseme wazi kama ni ya wakubwa. "Zimwi na ngoma" mtoto yeyote akisikia anakuja mbio.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Mbukwenyi nyote. Mwanangu wa Nkuhungu, nimefundisha darasa la tatu na la nne miaka mingi, na hadithi ya ngoma nimeisimulia kuliko nyingine yoyote. Siku hizi mjukuu wangu ananijazia muvi kwenye flashi, na hizo ulizozitaja nimezitazama zote. Nitajibu kwa urefu kwa sababu jambo hili naliwaza sana.

Kwanza, giza halikuletwa na sinema. Perrault wa Ufaransa alipochapisha hadithi zake mwaka 1697, binti mwenye kofia nyekundu aliliwa na mbwa mwitu na hadithi ikaishia hapo, hakuna mwindaji wa kuja kumpasua mnyama tumbo. Kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, yule malkia mwenye wivu wa hadithi ya Snow White anavalishwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto mpaka vikawa vyekundu, anacheza navyo mpaka anaanguka amekufa. Pinocchio, mtoto wa mbao wa mwandishi Collodi wa Italia, alipoanza kutoka gazetini mwaka 1881 alinyongwa kwenye mwaloni, na mwandishi alikusudia iwe mwisho. Wasomaji walidai aendelee, ndiyo maana kuna kitabu cha 1883. Wenzako kupenda giza siwalaumu hata kidogo.

Ninachokiuliza kwa kila muvi ya namna hii ni kimoja: hadithi yenyewe inaogopa nini, na muvi inaogopa kitu hichohicho?

Hansel na Gretel inaogopa njaa. Katika chapa ya kwanza ya Grimm, mama mzazi ndiye anayetaka watoto wakaachwe msituni kwa sababu chakula kimekwisha. Akageuzwa mama wa kambo katika toleo la 1840. Sisi wa Ugogo hofu hiyo hatuhitaji kuelezwa. Nimelelewa na watu waliosimuliwa Mtunya na wazazi wao, njaa ile ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Nyumbani kwetu Mtunya haikutajwa wakati wa kula. Kwa hiyo nilipotazama Gretel & Hansel, mchawi mwenyewe hakunitisha sana, ilinitisha meza yake. Watoto wamefukuzwa na mama asiye na cha kuwapa, wanaingia nyumba ambayo meza imejaa, mdogo anakula tu, na dada yake anaanza kujiuliza chakula hiki kinatoka wapi. Pale nilisimamisha muvi nikaenda kukaa nje kidogo. Ina mapungufu yake, inakwenda polepole na mwishoni inaongea mno, lakini imeshika hofu ya hadithi ikaikaza.

Ile ya dubu mwanzo wake ni mzuri kuliko watu wanavyosema. Christopher Robin, mtoto aliyekuwa rafiki yao, anakwenda chuoni, wanyama wanabaki na baridi na njaa, wanamla Eeyore, punda mwenzao. Zile dakika chache za michoro ziliniingia. Kuachwa na aliyekuwa anakulisha ni hofu ya kweli, na mbegu yake imo kwa Milne mwenyewe, maana kitabu chake cha pili cha dubu kinaisha kwa mtoto kuaga. Halafu muvi inaisahau kabisa. Kinachofuata ni jitu lenye kinyago likiwaua wasichana kwenye nyumba waliyokodi. Livalishe kinyago cha fisi, hakuna kitakachobadilika. Jina lilichukuliwa kwa kuwa lilikuwa wazi: kitabu cha 1926 kilitoka kwenye hakimiliki huko Marekani tarehe 1 Januari 2022. Tigger, yule chui milia, hayumo kwa kuwa aliingia kwenye kitabu cha 1928, ambacho wakati ule kilikuwa bado kinalindwa. Uchaguzi wa nani awemo ulifanywa na kalenda. Kaka wa Sabasaba, hela umesema kweli. Lakini mwaka 2024 muvi hiyohiyo ilipewa tuzo tano za Razzie, ikiwemo ya filamu mbaya kuliko zote. Waulize wateja wako wangapi wameomba uirudie.

Mtazameni Guillermo del Toro. Pinocchio yake ya 2022, iliyopata Oscar ya filamu ya michoro, ameipeleka Italia ya Mussolini. Hadithi ya Collodi inaogopa mtoto asiyetii. Del Toro anaigeuza: mtoto atakuwaje akiwatii watu wanaotaka kumpeleka vitani? Ameipindua hofu, lakini hajaitupa. Ruhusa hiyo nanyi mnayo.

Sasa ya kwenu. Nikiisimulia darasani, watoto hawakuwa wanatishwa na zimwi. Zimwi walimcheka, wengine walimuiga anavyotembea. Kelele zilikatika tulipofika vijijini. Kuna mtoto mmoja wa kike, mkimya, alinyoosha kidole akauliza: "Mwalimu, hao waliokuwa wanacheza hawakujua kuna mtu ndani?" Darasa zima likanigeukia. Hofu ya hadithi hii iko pale. Zimwi hamng'ati mtu hata mmoja. Anapiga ngoma, ngoma inalia kwa sauti ya mtoto, na vijiji vyote vinacheza, vinampikia, vinamkaribisha tena.

Kwa hiyo msiwaue wale mabinti. Mkiwaua mmewapunguzia. Zimwi akifika kijijini kwao, wawekeni mbele kabisa ya umati. Wao waliimba naye korongoni kila siku, sauti wataijua kabla ya mama yake. Waacheni wacheze huku wakijua. Mmoja apotee hatua, aangalie wenzake, aendelee. Mkipata mwigizaji wa kufanya hivyo usoni, damu ya nini?

Na nyuki msiwatoe. Atakuja mtu awashauri zimwi asamehewe au akimbie tu. Mtoto aliyesikia hadithi yote ile anastahili kuona ngoma inafunguliwa na nyuki wanatoka.

Fundi Sauti wa Manyoni

Mwalimu ameongea vizito, mimi nabaki kwenye kazi. Sauti ya binti msirekodi ndani ya simtanki, itarudi kama ya bafuni. Tafuteni mzinga wa gogo usio na nyuki, mkubwa, aimbe mdomo ukiwa kwenye tundu na maiki iwe upande wa pili uliofunikwa ngozi. Tumewahi kujaribu huku kwetu, inatoka sauti iliyobanwa ambayo kompyuta haiwezi kuitengeneza. Nyuki wa kweli msiwasogelee na waigizaji. Mlio wao rekodini kwa mfugaji, yeye akiwa na vazi lake na nyie mkiwa mbali na waya mrefu. Upepo wa Dodoma wa Juni hadi Agosti utawaharibia kila kitu, kwa hiyo maiki ivalishwe manyoya na mashairi yote yaimbwe ndani ya tembe, si nje.

Halafu kibali cha Bodi ya Filamu ombeni mapema, sheria ya mwaka 1976 inataka hivyo hata kwa filamu fupi. Na mtendaji wa kijiji apewe taarifa kabla hamjawasha taa korongoni usiku.

Kuhusu ngoma yenyewe, kwa nini isiwe muheme? Zimwi mwanamume akae aibane muheme mapajani, ngoma wanayopiga wanawake. Mgogo yeyote atashtuka hapohapo, kabla hajasikia chochote.

Kijana wa Nkuhungu

Shikamoo mwalimu. Nimewasomea wenzangu ujumbe wako wote kwa sauti, tumekaa kimya, halafu yule aliyekuwa anadai panga ndiye ameanza kuandika upya sehemu ya mabinti. Fundi, asante sana, la muheme limetupeleka mbali. Mama wa Area C, bango litaandikwa, na tutaonyesha jioni tu.

Swali limebaki moja na tumebishana hadi usiku. Muheme ni ndogo. Binti wa miaka 10 haingii. Mmoja anasema tutengeneze kubwa ya kuigiza, mwingine anasema tuchukue picha za ndani, binti amejikunja gizani. Tufanyeje?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Iwe ndogo hivyohivyo. Mtazamaji ataiona, atamwona binti alivyokuwa amesimama korongoni, na kichwani mwake atauliza ameingiaje mle. Msimjibu. Ndani msipige picha hata moja. Mkiingia ndani tutakuwa na binti, tutamwona anahema, tutapata nafuu. Kaeni nje pamoja na wanaocheza, tubaki na sauti tu. Siku ya kumtoa pia geuzeni kamera kwa mama, tumwone yeye anavyopokea, na mtoto aonekane akiwa tayari mikononi.

Ngoma nzuri na wanawake wanaojua kuipiga mtawapata wakati wa tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino. Nendeni na adabu, elezeni hadithi yote kwanza pamoja na hilo la mwanamume kuibana muheme, kwa sababu wengine watakataa na wana haki. Atakayekubali mwombeni awafundishe huyo zimwi wenu kupiga vizuri. Akipiga vibaya vijiji havitacheza, na filamu yote inategemea vijiji kucheza.

Wimbo wa binti niliokuwa naimba darasani una beti tatu kwa Cigogo. Mjukuu akija Jumamosi nitaurekodi kwenye simu yake na kuuweka hapa, mjifunze wote, hata wasioigiza.