Mtu akimwacha Mungu, Mungu ndiye anampiga ama ni njia yake inampiga?

MwanaBusia: Jumapili pasta wetu alihubiri Kumbukumbu 30:19, ile ya uzima na mauti, baraka na laana, basi chagua uzima. Mpaka hapo sawa kabisa. Halafu akamtaja kijana mmoja wa mtaani aliyeacha kanisa, juzi amegongwa na lori akiwa kwa bodaboda, ati Mungu amemfundisha adabu. Hiyo imenikaa kooni mpaka leo. Kama Mungu mwenyewe ndiye alitupa hiari, mbona ukichagua vibaya anakungoja barabarani na lori? Ama yanayotupata ni matunda tu ya njia tuliyoshika? Najua mtaniambia hata Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliua mashahidi wa Namugongo, wale Wakristo, 1886, akaishia kufia ugenini visiwani Seychelles. Nijibuni kwa Neno, si kwa hasira.

MlokoleTororo: Ndugu soma Warumi 1 yote. Paulo anarudia mara tatu kwamba Mungu aliwaacha. Hasemi aliwapiga, anasema aliwaacha wafuate tamaa zao, na huko kuachwa ndiyo hukumu yenyewe, inatisha kuliko lori. Lakini pia usimpangie Mungu kazi, Yona alikimbia akatumiwa dhoruba.

MwanaKyadondo: Wewe wa Busia, hiyo ya Mwanga imenichoma. Banange kila mtu akitaka mfano wa mwovu anamkimbilia Kabaka wetu. Aliua, hakuna anayekataa, lakini Seychelles alipelekwa na Waingereza kwa sababu aliwapiga vita, si kwa sababu malaika walishuka. Na huko huko akabatizwa, akaitwa Danieli, akafa 1903 akiwa Mkristo. Sasa hiyo ni adhabu ama ni neema? Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alikamatwa naye pamoja 1899, yeye alikuwa amemwacha Mungu yupi?

WaJinja: Na Kabalega alifia hapa kwetu Jinja 1923 akiwa njiani kurudi nyumbani. Naye alishabatizwa.

MlokoleTororo: Kwa hiyo mnasema ukoloni ulikuwa neema??

MwanaKyadondo: Ssebo usiniwekee maneno mdomoni. Nimesema ubatizo.

AbuArua: Asalaam aleikum ndugu zangu Wakristo, naona mnasahau jambo. Kabla ya Mwanga, baba yake Muteesa aliua Waislamu hapo hapo Namugongo, vijana wa ikulu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na mtu asiye Mwislamu, kama 1876 hivi. Muteesa alikufa 1884 akiwa bado Kabaka, hakuna mtu aliyempeleka kisiwani. Kama hesabu ya Mungu inalipwa hapa hapa duniani nionyesheni ya Muteesa iko wapi. Na tarehe 3 Juni nchi nzima ni sikukuu ya mashahidi Wakristo, lakini wale wetu nani anawakumbuka?

KatekistaMbale: Abu umesema kweli na inauma. Lakini ngoja nirudi kwa MwanaBusia, maana hao wa Namugongo ndio jibu lake. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa kulea wa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji. Baba yake alimbembeleza aseme neno moja tu la kukana ili aokoke, akakataa. Mlango ulikuwa wazi na aliuona. Aliyemchagua Mungu ndiye aliyeuawa, na aliyemkana angerudi nyumbani akala chakula cha jioni. Sasa pasta wa lori atasomaje hiyo? Yesu mwenyewe katika Luka 13 aliuliza kama wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wengine, akasema sivyo.

MlokoleTororo: Katekista umekata mstari katikati! Malizia: "lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Nyinyi mnapenda Yesu wa kubembeleza tu. Apandacho mtu ndicho atakachovuna, iko Wagalatia.

KatekistaMbale: Nyinyi ni nani? Mimi nimefundisha watoto sakramenti tangu ujana wangu, usinihesabu kundi. Anaambiwa atubu yule anayesikiliza, haambiwi amhukumu aliyelala chini ya mnara. Hata Mtakatifu Agostino, mwalimu wa kanisa, alipobishana na Pelagio aliyesema hiari ya mtu inatosha kutenda mema, karne ya tano huko, hakusema hiari haipo, alisema imejeruhiwa na bila neema haisimami. Sasa aliyejeruhiwa unampiga teke?

MamaWatatu: Naomba niseme. Mwanangu wa kwanza aliacha kanisa, na kila ugonjwa ukiingia nyumbani kwangu kuna dada wa maombi ananiambia ni laana ya yule kijana. Dada zangu someni Ezekieli 18, mwana hachukui uovu wa baba wala baba wa mwana, kila mtu na roho yake. Na someni Luka 15, ile ya mwana mpotevu, polepole. Yule baba aligawa mali akamwacha kijana aende, hakumfungia mlango, hakumtumia watu wa kumpiga njiani. Aliyemaliza pesa ni kijana mwenyewe. Lakini njaa, Biblia inasema iliingia nchi ile, nchi nzima, hata waliokuwa hawajamkimbia baba yeyote waliisikia. Kwa hiyo yamechanganyika, mengine ni ya mkono wako, mengine ni njaa ya nchi, na sisi tunaotazama kutoka nje hatuwezi kuyatenganisha. Yule kijana wa bodaboda kuna mtu amekwenda kumwona hospitali?

MwanaBusia: Mama, nimeuliza. Kutoka kanisani bado hakuna.

MlokoleTororo: Mama nakuheshimu, lakini kijana wa Luka alirudi! Bila njaa asingezingatia moyoni. Hilo hamlijibu.

MamaWatatu: Alirudi kwa sababu alijua nyumbani kuna chakula cha kusaza hata kwa watumishi. Wangu akisikia pasta akitangaza lori, atarudi kwa nani?

AbuArua: Na swali langu la sikukuu mmelipita.

MwanaKyadondo: Abu hilo lifungulie mjadala wake, mimi nitakuunga mkono. Lakini MlokoleTororo bado hajanijibu ya Danieli Mwanga.