Ziara ya boti kwenye mikoko: nililipa nikaona majani tu, nilikosea wapi?

Upepo_wa_Kusi
Wadau habari zenu. Mwezi uliopita nililipia ile ziara ya boti ya kutembezwa ndani ya mikoko kuangalia ndege na mamba. Picha walizonitumia kabla zilikuwa balaa, makorongo wamejaa kwenye tope, mamba kaachama ukingoni. Siku yenyewe tumeondoka saa tano asubuhi, maji yamejaa mpaka yanagusa matawi, injini inanguruma mwanzo mwisho, masaa mawili nimeona yangeyange watatu na kitu ambacho mwongozaji alisema ni mamba ila mimi niliona gogo. Jua nalo likanipiga mpaka kichwa kikauma. Kulalamika naambiwa wanyama wa porini hawapangiwi, sawa nakubali, lakini mbona kuna watu humu mnaona vitu kila mkienda?

Mwezi ujao nataka kurudi na mama, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, pamoja na mwanangu wa miaka 6. Tangu nimwambie mama kila siku ananiulizia tunaenda lini, sitaki nimpeleke akakae juani bure. Nifanye nini tofauti?

Kulastara
Pole sana mkuu. Kabla ya yote, uliangalia maji? Yaani saa ya kupwa na saa ya kujaa. Maana ukisema yaligusa matawi saa tano, basi mlienda yamejaa kabisa na hapo ndege huwapati. Wale wenye midomo mirefu chakula chao kiko kwenye tope, minyoo na kaa wadogo, maji yakifunika tope meza yao imefungwa, wanaenda kujibanza sehemu moja wanasubiri na boti inaweza isipite huko kabisa. Mamba naye anatoka kuota jua asubuhi damu ichangamke, na anahitaji ukingo wa kulalia, sasa ukingo uko chini ya maji atalala wapi?

Sehemu nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kupwa ni masaa sita na kidogo, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku yako yalikuwa yamekupwa mnamo saa kumi na moja alfajiri, mngeenda siku mbili tatu baadaye boti ileile njia ileile mngekuta yanapwa saa moja asubuhi, jua bado changa na tope liko wazi. Ukishaelewa hapo umemaliza nusu ya kazi.

Mzee_wa_Mkondo
Nimewahi kuongoza hizi ziara miaka kadhaa, naunga mkono ila niongeze kitu, usiende yakiwa yamekupwa kabisa kabisa. Vijito vya ndani vinakauka, boti inabaki kwenye mkondo mkubwa na kila kitu unakiona kwa mbali. Sisi tulikuwa tunaondoka pale yanapoanza tu kurudi, maana maji yanavyopanda yanawasogeza ndege kwenye kipande cha tope kilichobaki, na wewe unaingia nayo polepole, ukikwama kidogo yanakunyanyua yenyewe. Ukiingia wakati yanatoka ukakwama unasubiri mpaka yarudi.

Na mwambie azime injini. Hii naisisitiza kwa moyo wote. Ingieni kijito kimoja chembamba, zima, shika kasia au kaeni tu dakika kumi. Utaanza kusikia tope lenyewe linalia, tik tik tik, kila mahali. Halafu vitu vinatoka. Kaa wale wadogo, dume ana gando moja kubwa karibu lilingane na mwili wake, analipunga juu chini kuita jike. Kuna samaki wanaotembea kwa mapezi juu ya tope na kurukaruka, mtoto wako hatawasahau. Mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mkoko, iliyochomoza kama penseli elfu moja, ile ni ya kupumulia kwa sababu tope la pale halina hewa. Mwambie mwongozaji amwonyeshe mama jani la mchu, alilambe, ni chumvi tupu, mti unaitoa kupitia jani. Mwongozaji anayejua kazi hata siku mamba hayupo hamtarudi mikono mitupu, asiyejua yeye anakimbiza boti kutafuta mamba tu.

Sauda_K
Mzee wa Mkondo kasema ukweli, mimi nilikwama masaa matatu na watoto ndani ya boti isiyo na kivuli, ilikuwa siku ya bamvua maji yanatoka kwa kasi na nahodha alitaka kutuonyesha kiota cha furukombe. Sasa bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, kwa mama mwenye magoti mimi ningechagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kwanza mkondo si mkali, pili hata kupanda boti ni rahisi, bamvua ikipwa ngazi ya gatini inakuwa ndefu au mnatembea topeni.

Mtoto ulizia laifujaketi ya saizi yake kabla hujalipa, usikubali avalishwe ya mtu mzima, akianguka inapanda usoni yeye anachomoka chini. Boti iwe na turubai juu. Na kama hiyo sehemu ina viboko, mchana wanakaa majini, nahodha asikae kati yao na kina kirefu, hapo hakuna mjadala.

Ndege_Tunu
Naomba niongeze moja inayoniuma. Msiwaambie waongozaji wasogee mpaka ndege waruke ili mpate picha. Wengi wa wale wanaokula topeni wanajijaza mafuta mwilini ya safari yao ndefu ya kuhama, mwaka 2022 kuna mmoja jamii ya sululu aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia alitoka Alaska mpaka Tasmania bila kutua, zaidi ya kilomita 13,000. Kila mkimrusha anachoma akiba yake. Akiinua shingo akaacha kula, hapo mmeshafika karibu mno, rudini nyuma. Chukua darubini utamwona mpaka jicho.

Upepo_wa_Kusi
Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leo nimepiga simu sehemu mbili, wa kwanza kaniambia njoo saa yoyote tu boti ipo. Wa pili hata sijamaliza kuongea kaniuliza "unataka siku gani nikuangalizie maji", halafu akaniambia nisubiri wiki ya mwezi nusu, atachagua siku ambayo yanaanza kujaa asubuhi mapema. Nimechukua huyo. Laifujaketi ya mtoto anayo, nimemwomba anitumie picha yake, na turubai lipo. Injini kasema atazima tukifika ndani na kasia anabeba.

Mama nimemwambia tutaamka alfajiri, kashaanza kutafuta kofia.

Mzee_wa_Mkondo
Huyo wa pili ndo mwenyewe. Mkirudi tuambie mama alisemaje kuhusu lile jani.