Mjakaranda wa mbele ya kibanda changu unaoza, mwenye nao ni nani?

FundiWaSisimba: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Sisimba, Mbeya, mwaka wa kumi na moja sasa nipo chini ya mjakaranda wa barabarani. Niliukuta. Miaka mitatu iliyopita walikuja vijana na chenso wakaukata kichwa chote kwa sababu ya nyaya za umeme, ukabaki kama nguzo. Ulipochipua nilifurahi. Basi Novemba, mvua za kwanza zimekuja na upepo wake, chipukizi nene kama mkono wangu likachomoka lenyewe na kuangukia bodaboda. Kioo na taa vikaenda. Mwenyewe alikuwa amevuka kununua vocha, Mungu mkubwa.

Nimeuliza. Huyu anasema mti wa jiji, yule anasema wa barabara, jirani ananishauri nimwagie oili chafu ufe. Sitaki ufe! Jua la Oktoba nitakaa wapi?

KijanaWaMbao: Huku kwetu Njombe ungeshakuwa kitanda zamani 😂

MzeeWaGangilonga: Kamwene dada. Nilikata na kupanda miti ya manispaa hapa Iringa mpaka magoti yakakataa, kwa hiyo nitasema kidogo.

Kwanza mwenye nao. Angalia barabara. Barabara kuu, kama ile ya kwenda Tunduma, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Halmashauri nayo ina afisa misitu na watu wa mazingira. Usihangaike kuchagua: andika barua moja kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala TARURA, ipitie kwa mtendaji wa mtaa igongwe muhuri. Weka picha ya lile tawi na ya pikipiki. Bila muhuri utaambiwa haikufika.

Sasa mti wenyewe. Tawi lililozaliwa na mti limeshikwa na mbao tangu ndani. Chipukizi la baada ya kukatwa kichwa limeshikwa na tabaka za nje tu, na chini yake kidonda kinaoza kwa sababu maji yanatuama. Kadiri linavyonenepa ndivyo linavyokaribia kuchomoka. Hao vijana hawakupunguza hatari, waliiahirisha. Tawi hukatwa pale kwenye uvimbe wake shinani, na kwanza unalikata kidogo kwa chini, mbali na shina, lisije likachana na ganda lote. Kidonda hakitaki chokaa wala rangi.

Gonga shina kwa nyundo, zunguka lote. Likilia kama debe, ndani kuna pango. Angalia uyoga chini, na kama udongo umeinuka upande mmoja. Ukiona vyote viwili, usisubiri barua, ondoka hapo.

Na nikuulize, umepigilia misumari?

FundiWaSisimba: Mzee umejuaje? Ipo minne, ya kutundikia magauni.

MzeeWaGangilonga: Mafundi wote mnapigilia. Iliyoingia iache, usiongeze. Ila siku wakija kukata, mwonyeshe mwenye chenso ilipo. Mnyororo ukigonga msumari unaweza kukatika ukamrudia usoni. Mimi nina alama ya hilo.

Mwanafunzi_Mzumbe: Mzee, ila kila halmashauri imepewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka. Miti ipo.

MzeeWaGangilonga: Mwanangu, inayohesabiwa ni ya siku ya kupanda. Juni hadi Oktoba huku hakuna mvua, nani ana ndoo? Tulikuwa wanne kwa mji mzima, na gari la maji tuliliazima. Tena mgrevilea wanaupanda chini ya nyaya zilezile, baada ya miaka sita wanarudi na chenso. Waulize kwanza waya uko urefu gani, ndipo wachimbe shimo.

FundiWaSisimba: Ndaga fijo mzee. Nimegonga leo asubuhi, watoto wa shule wamejaa kunitazama. Upande wa ukuta ni mzima. Upande wa barabara, kuanzia kiunoni kwenda juu, unalia debe. Uyoga sijauona. Mtendaji amegonga muhuri, barua naipeleka Jumatatu. Cherehani nimeihamishia barazani kwa muuza mchele, na magauni yamelala kwenye kiti.