Ushauri: keki yangu ya ndizi ina lishe kiasi gani hasa?

Mleta mada
Habari zenu wanajamvi. Kila wiki huwaokea wanangu keki ya ndizi, na kwa muda mrefu nimeamini kwamba ni chakula cha afya kwa kuwa kina matunda ndani yake. Juzi, nilipomimina sukari kwenye mizani nikaona kilima chake kinakaribia kulingana na cha unga, niliingiwa na wasiwasi. Natumia unga mweupe wa ngano gramu 250, sukari gramu 200, mafuta gramu 110, mayai 2 na ndizi 3 zilizoiva sana, kisha naikata vipande 10. Naombeni mnisaidie kupiga hesabu.

Mchangiaji wa kwanza
Gramu 100 za unga huo zina takriban kilokalori 364, gramu moja ya sukari ina 4 na ya mafuta ina 9. Ukijumlisha na mayai, kama 140, na ndizi, kama 270, unapata 3,100 hivi, yaani 310 kwa kipande. Kinachonitia shaka zaidi ni sukari, kwa sababu kila kipande kina gramu 20 za kuongezwa, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya namna hiyo isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni gramu 50, na mtoto mdogo huhitaji pungufu ya hapo.

Mchangiaji wa pili
Hesabu ni sahihi, ila tusiibeze keki yenyewe: kipande kina protini kama gramu 4, pamoja na potasiamu ya ndizi. Ganda likishajaa madoa meusi, wanga mwingi umekwisha kugeuka sukari, na ndiyo maana mimi huweka sukari gramu 100 tu. Juu haiivi na kuwa kahawia sana, na siku ya pili hukauka mapema, kwa hiyo usipunguze mafuta kwa mkupuo mmoja na sukari. Nusu ya unga ibadilishe kwa usiokobolewa upate nyuzinyuzi, na uongeze maziwa vijiko viwili, maana pumba hunywa maji.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Kwa sukari gramu 100, kipande kitashuka hadi kilokalori 270 hivi. Nitaanza na hilo Jumamosi, unga usiokobolewa ufuate wiki inayokuja, ili wanangu wakilalamika nijue wanalalamikia nini.