Kishamba cha kumvuta pongo: tupeane uzoefu (Iringa, Njombe, Mbeya)

Mnyalukolo_Kilolo (mleta uzi)

Kamwene wakuu. Shemeji yangu yuko Michigan, Marekani. Juzi kanirushia picha za kishamba chake katikati ya msitu, hakifiki hata nusu ekari. Kapanda klova (majani ya malisho, jamii ya kunde), ngano na tanipu (jamii ya kabichi), na yeye mwenyewe havuni hata jani. Kawapandia kulungu wa kwao waje kula, halafu msimu ukifika anapanda kwenye kiti alichofunga mtini, bunduki na kibali viko tayari.

Nilicheka sana. Huku kwetu ikifika mwezi wa tisa vilima vyote vimekauka, kijani kimebaki kwenye vinyungu tu, yaani bustani za kiangazi za bondeni, na pongo, yule swala wa vichakani, anashuka mwenyewe usiku bila kualikwa na mtu. Maharage yangu anayajua kuliko mimi.

Sasa nina kipande juu ya kinyungu, kinapakana na miti ya mbao. Mawe matupu, mahindi hayakubali. Nataka nipande kitu cha bei poa pongo aishie hapo hapo, asishuke kwenye maharage, na alfajiri niwe namtazama kutoka kibarazani. Waliowahi kujaribu: mlipanda nini, alikuja nani, na mfukoni ilitoka kiasi gani? Wenye vibali vya kuwinda nao wakaribie.

MamaChai_Mufindi

Njegere, kaka. Usihangaike.

Sisi tuko jirani na shamba la miti la Sao Hill. Miti mikubwa ikishavunwa na michanga kupandwa, miaka ya mwanzo jua linafika chini, vichaka vinaota, pongo anahamia humo. Mchana kajilaza, jua likizama anatoka. Baba mkwe alikuwa na mistari michache ya njegere mwisho kabisa wa shamba, kwa ajili yake tu. Mbegu alinunua sokoni, ile ya kula, duka la pembejeo hakukanyaga.

Mnyama anataka ncha changa. Njegere ikishaanza kukomaa anaipita kama haioni, anakwenda kwenye maharage yako. Kwa hiyo mzee hakupanda zote siku moja. Anamwaga kidogo, zikishachipua anamwaga nyingine pembeni, hivyo hivyo mpaka mvua zinarudi. Alikuwa na uhakika kwamba kipande kidogo chenye machipukizi kila wiki kinamshika pongo kuliko ekari nzima iliyokomaa, na kwa niliyoyaona namwamini.

Mume wangu anasema ilikuwa mbinu ya kupata kisingizio cha kulala shambani na ulanzi. Hayo ya baba na mwana siyaingilii.

Pawaga_Kavu

Nyie wa baridi mna raha. Huku tunapakana na Ruaha, ukipanda kitu cha kuvutia mnyama anakuja tembo, na hali ncha, anabeba shamba. Sisi tunahangaika na kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili ili ASIJE. Endeleeni na pongo wenu.

Mtu_wa_Uyole

Nilikaa Wisconsin, huko huko Marekani, miaka ya masomo na jirani yangu alikuwa mtu wa mambo haya, kwa hiyo naomba niongee kwa kirefu.

Kwanza, watu wa kule hawaanzi na mbegu, wanaanza na udongo. Wanachota sehemu kadhaa za kipande, wanachanganya, wanapeleka kupimwa. Klova inataka pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 6 na 7, na ardhi ya msituni mara nyingi ni chachu kuliko hapo, hivyo wanamwaga chokaa kwanza. Hela nyingi inaenda kwenye chokaa kuliko kwenye mbegu. Nyanda zetu za juu nazo zina udongo mchachu sehemu nyingi, hasa Njombe. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wapo, na chokaa inatoka Songwe. Ukiruka hatua hiyo utalaumu mbegu bure.

Pili, si wote wana trekta. Jirani yangu hakuwa hata na jembe la kukokotwa. Alisubiri mvua ikaribie, akarusha mbegu ndani ya magugu yaliyosimama, kisha akayafyeka yakalala juu yake. Magugu yale yanatunza unyevu na yanaficha mbegu isiliwe na ndege. Kwa klova ana namna nyingine: anairusha mwishoni mwa baridi, udongo unaganda usiku na kuyeyuka mchana, nyufa zinaimeza mbegu zenyewe. Ikishika inadumu miaka kadhaa, na inajitengenezea naitrojeni, kwa hiyo urea haihitaji.

Tatu, na hili ndilo nililolipenda: katikati ya kipande anasimamisha duara dogo la waya wa kuku, mnyama asifikie ndani. Baada ya wiki chache unalinganisha majani ya ndani na ya nje. Kama yamelingana urefu, hakuna anayekuja, badilisha mmea. Hakuna kubahatisha wala kukesha. Kipande cha waya tu.

Ila msiwafananishe moja kwa moja. Kulungu yule pembe zake zinadondoka kila mwaka na kuota upya, na majike wanatembea na watoto wao kwa makundi. Pongo ni mtu wa peke yake. Ukimwona mmoja kila jioni, usidhani kuna ishirini nyuma yake.

Kibali_Mkononi

Naona watu wanasogelea bunduki, basi tuwekane sawa. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, mnyama ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kulala kwenye shamba lenye hati yako hakumfanyi awe wako. Unakwenda TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), kibali kinakutajia mnyama, idadi na eneo. Mimi nimewahi kukata kibali cha uwindaji wa wenyeji na niliwinda pale palipoandikwa tu.

Halafu orodha ya njia zilizokatazwa ni ndefu: sumu, chambo, nyavu, mitego ya waya, mashimo, mbwa, taa za usiku. Mmeliona neno chambo. Kule Marekani kila jimbo lina lake. Majimbo mengi yanakataza kumwaga rundo la mahindi lakini kishamba kilichopandwa yanakihesabu kuwa kilimo. Usibebe hoja hiyo ukaja kumweleza askari wa huku. Kumpandia ili umtazame, sawa. Ukitaka kumpandia ili umpige, kamuulize kwanza afisa wanyamapori wa wilaya.

Mnyalukolo_Kilolo

Mkuu hapo juu, mimi nataka macho tu. Nyama nanunua buchani, na mke wangu ni shahidi.

Makete_Jalidi

Huku karibu na hifadhi ya Kitulo mwezi wa sita na wa saba jalidi inachoma njegere, asubuhi unakuta zimekuwa nyeusi. Kinachobaki ni jamii ya kabichi. Tanipu, sukuma wiki na figiri zikipigwa na baridi zinaongeza utamu, na nsya, yule paa mdogo wa vichakani, anajua. Mimi nilimwachia mistari ya sukuma wiki iliyozeeka, badala ya kuing'oa nikaikata shina ikachipua. Gharama sifuri. Ila kama uko mpakani na hifadhi, kumbuka ng'ombe wa jirani naye ni mnyama. Alikuja kabla ya nsya.

Ndaga_Tukuyu

Matembele. Marando unaomba kwa jirani, unachomeka, basi. Tatizo: majani yanaleta pongo, viazi vya chini vinaleta nguruwe pori na nungunungu, na hao wakishaanza kufukua hawaishii kwenye kipande chako. Ukipanda matembele chuma majani mara kwa mara, viazi visipate nguvu ya kunenepa. Mahindi na karanga usiweke kabisa, utaamsha nyani.

MamaChai_Mufindi

Na isiwe bondeni kwenye maji jamani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto, na vinyungu vyenyewe tumeshahangaishwa navyo vya kutosha.

Mnyalukolo_Kilolo

Kipande kiko juu, mbali na mto. Nimeamua: njegere kwa awamu, sukuma wiki ya kukata pembeni, na duara la waya katikati. Chokaa nitaanza na debe moja nione. Swali la mwisho, huyu mtu mnamtazamaje bila kumkimbiza?

Mtu_wa_Uyole

Upepo. Kaa pale ambapo upepo unatoka kwake kuja kwako, na kipande kiguse kichaka upande mmoja, maana hapendi kuvuka uwazi. Akikushtukia atabweka kama mbwa, mara moja au mbili, na hapo funga kazi mpaka kesho, kwa sababu mbwa wote wa kijiji watamjibu.